Picha na Sauti Nazo Zina Umri Wake



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nawaandikieni ninyi jamaa zetu wa pwani kutoka huku Izimbya, Bukoba vijijini, mahali ambapo bahari yetu ni ziwa na minazi yetu ni migomba. Nimesomesha chuo hapa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nitakayoyasema leo ni ya historia, lakini historia hiyo ilinifikia mlangoni kwa njia ya aibu. Nitaanza na aibu hiyo, ili msomaji ajue kwa nini mzee wa chuo ameingia katika mambo ya sinema.

Masika moja, miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja aliniletea simu yake. Ndani yake mlikuwa na picha zinazotembea: ukingo wa ziwa umejaa watu, wanawake wanalia, wanaume wanapanga majeneza, na sauti ya mtu anaeleza kuwa meli imezama. Chini ya picha yaliandikwa maneno kwamba jambo hilo limetokea alfajiri ya siku ile ile. Sasa, jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa na mwanawe wa pekee aliyekuwa njiani kurudi kutoka Mwanza. Mimi sikuuliza lolote. Nilikwenda kwake na fimbo yangu, nikamtamkia istirjaa, nikamwambia asubiri, kwani Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri.

Kufika Magharibi mikeka ilikwisha tandikwa uani, ndizi ziko motoni kwa ajili ya wageni, na mama yule amekaa chini haoni wala hasikii. Ndipo binti mmoja wa chuoni kwangu, umri wake hauzidi miaka kumi na miwili, akaniomba aione ile picha. Akaitazama, kisha akasema: "Maalim, mbona watu wote hawa hakuna hata mmoja anayepiga picha kwa simu?"

Nikaichukua simu nikatazama tena, safari hii kwa macho ya mtu aliyeulizwa. Nikaona picha ina umbo la sanduku, nayo imeachiwa weusi kushoto na kulia. Nikaona wekundu wa kanga umevuja nje ya kanga, kama rangi iliyotiwa maji. Chini kabisa palikuwa na mstari unaotetema. Nyuma ya sauti ya msemaji palikuwa na mvumo kama wa nyuki. Moyo wangu ukashuka. Ulikuwa ni msiba wa MV Bukoba, wa tarehe 21 Mei 1996, uliochukua roho za watu zaidi ya 800, na ambao hapana nyumba katika mkoa huu usioijua. Kijana wa mama yule alipiga simu baada ya Isha. Alikuwa amepanda basi, na simu yake ilizimika njiani.

Tulimshukuru Mungu, tukala zile ndizi kwa furaha. Lakini mama yule aliniambia neno moja, kwa upole, nalo halijanitoka: "Maalim, si ndiwe uliyetufundisha kwamba habari hupimwa?"

WALIVYOPIMA WALIOTUTANGULIA

Neno la mama yule lina asili katika dini yetu. Katika Suratul Hujuraat tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na wanazuoni waliifanya amri hiyo kuwa elimu kamili. Imepokewa kutoka kwa Imam Sufyan Al-Thawri, aliyefariki mwaka 161 Hijria, kwamba wapokezi walipoanza kutumia uongo, wao wanazuoni waliwakabili kwa kutumia tarehe. Yaani mtu akidai kuwa amesikia kwa sheikh fulani, aliulizwa: ulizaliwa lini, naye alifariki lini?

Kisa mashuhuri kuliko vyote katika mlango huu ni kile cha Al-Khatib Al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, sawa na 1071 Miladia. Katika siku zake Mayahudi walitoa karatasi huko Baghdad, wakadai kuwa ni ya Mtume (S.A.W.), inayowasamehe watu wa Khaybar kulipa jizya. Waziri wa Khalifa akampelekea Al-Khatib aitazame. Akaitazama, akasema ni ya uongo. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwa mashahidi walioandikwa ndani yake. Mmoja ni Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, na hali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Wa pili ni Saad bin Muadh, naye alifariki mwaka wa 5, baada ya vita vya Handaki, miaka miwili kabla ya Khaybar. Basi yule wa kwanza alikuwa hajaingia katika dini, na huyu wa pili alikwisha ingia kaburini.

Tazameni, ndugu zangu. Al-Khatib alimkamata mwongo kwa mambo yaliyomo ndani ya karatasi yenyewe, kwa kuwa kila kitu kilichofanywa na mwanadamu hubeba alama za siku zake. Anayeghushi huangalia maneno, akasahau alama. Nami baada ya aibu yangu nikajiuliza: je, picha zinazotembea na sauti zilizonaswa nazo hazina alama kama hizo? Nikaanza kuuliza wenye ujuzi, na kusoma, na kukumbuka niliyoyaona tangu utotoni. Nikakuta kwamba zinazo, tena nyingi. Siandiki haya ili kuwasifia watu sinema. Hukumu yake wanazuoni wameieleza mahali pake. Naandika kwa kuwa leo kila nyumba ina sinema mfukoni, na asiyejua kuipima atapotezwa nayo.

UMRI WA PICHA

Picha za kutembea zilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio huko Paris, Ufaransa, tarehe 28 Desemba 1895, na ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Zilikuwa bubu, nyeusi na nyeupe. Mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono wake, na mara nyingi zilipita picha kama 16 au zaidi kidogo kwa kila sekunde. Sauti ilipoungana na picha, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibidi mwendo uwe mmoja usiobadilika, ukawekwa kuwa picha 24 kwa sekunde. Hii ndiyo sababu filamu za zamani zikipitishwa katika mashine za baadaye watu huonekana wanatembea mbio mbio kama kuku waliofukuzwa. Hawakutembea hivyo, ni mashine inayowaharakisha. Basi ukiona mwendo wa namna hiyo, jua kwamba huenda picha ile ni ya kabla ya 1930.

Katika nchi yetu wenyewe, miaka ya 1935 hadi 1937, Waingereza walifanya majaribio ya sinema za mafunzo, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilizungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na hata Nyasaland. Zilifunza kilimo, afya, na kuweka akiba posta. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalinaswa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na santuri ikipigwa sambamba na picha. Sindano ikiruka kidogo tu, maneno ya mkulima yakamwangukia ng'ombe. Alama ya filamu za aina hii ni kwamba midomo ya watu na maneno havikutani kamwe. Anayesema ni mtu mwingine ambaye humwoni.

Sasa nije kwenye rangi, na hapa nina mfano wa nyumbani. Mwaka 1932 Wamarekani walitoa filamu iitwayo Red Dust. Ilitengenezwa ndani ya studio, nyeusi na nyeupe, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Clark Gable, umri wake miaka 31. Baada ya miaka 21, yaani 1953, hadithi ile ile ilitengenezwa upya na mwongozaji John Ford, na mwigizaji mkuu akawa yule yule Clark Gable, sasa ana miaka 52. Filamu hiyo ya pili inaitwa Mogambo, neno linalofanana na mgambo wetu lakini kwa Kiswahili halina maana. Na baadhi ya picha zake zilipigwa kwenye Mto Kagera! Hadithi yenyewe ni ya fitina za mapenzi, wala sina haja nayo. Lakini kwa mtafuta historia filamu mbili hizi ni kama mizani yenye sahani mbili: kisa kimoja, mtu mmoja, ila zama mbili.

Ile ya 1932 misitu yake ni ya kutengenezwa, mvua yake ni ya mabomba, na vivuli vyake ni vya taa. Hii ya 1953 ina rangi nzito za Technicolor: kijani kilichoiva, wekundu wa udongo, na jua ambalo kila mtu wa huku analitambua. Na bado mtazamaji mwangalifu huona mishono. Sehemu za ndani zilipigwa katika studio huko Uingereza, hivyo mtu huingia hemani akitoka katika jua la Afrika, akawa ndani kwenye mwanga wa taa za umeme, na ngozi yake ikabadilika rangi kwa hatua moja. Hata sauti yake inasema mwaka wake. Desturi ya filamu za siku zile ilikuwa kusindikizwa na okestra kubwa mwanzo hadi mwisho. Hii waliiacha bila okestra ya namna hiyo, wakaweka ngoma na nyimbo za Waafrika zilizonaswa huku huku, jambo ambalo lingekuwa gumu kabla vyombo vya kunasia sauti havijawa vyepesi vya kuchukuliwa safarini.

Mwaka huo huo wa 1953 ndipo ilipotoka filamu ya kwanza ya CinemaScope, iitwayo The Robe, yenye picha pana kama mkeka. Kabla ya hapo picha za sinema zilikuwa karibu na umbo la mraba. Televisheni nazo zilipokuja zilichukua umbo lile la zamani, zikakaa nalo mpaka zama za tarakimu zilipoleta vioo vipana. Kwa hiyo umbo la sanduku peke yake halitoshi kuwa ushahidi: yaweza kuwa sinema ya kabla ya 1953, na yaweza kuwa televisheni ya mwaka 1999. Alama moja ni kama shahidi mmoja. Hutafutiwa wa pili.

Na shahidi wa pili mara nyingi ni kufifia kwa rangi. Mwaka 1950 ilianza kuuzwa filamu ya rangi ya aina ya Eastmancolor, nayo ilikuwa nafuu, ikaenea dunia nzima, na filamu nyingi za Kihindi tulizozijua zilitumia aina hiyo. Kasoro yake ni kwamba nakala zake nyingi, hasa za kabla ya miaka ya 1980, rangi ya buluu na kijani hufa kwanza. Mbingu inageuka ya zambarau, majani yanakuwa kahawia, na nyuso zote zinakuwa nyekundu kama zimepakwa udongo wa Kagera. Technicolor ya zamani haikuoza hivyo. Kumbe yawezekana filamu ya 1953 ikaonekana mpya kuliko ya 1970!

Kisha ukaja mkanda wa sumaku, yaani video. Hiyo ndiyo iliyonasa msiba wa 1996 na kunifedhehesha mimi. Rangi zake huvuja nje ya mipaka, mistari hutetema chini, na mara nyingi pembeni hukaa tarakimu za saa na tarehe, ambazo nazo huenda mwenye mashine alisahau kuzirekebisha. Katika Tanzania Bara vituo vya kwanza vya televisheni vilianza 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, tena kwa televisheni ya rangi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha taarifa ya habari ya televisheni ya Bara akadai ni ya mwaka 1978, mrudishie mali yake.

Na mwisho ni hizi picha za simu. Alama yake kubwa ni kwamba zimesimama wima, ndefu kama mlango, kwa kuwa mtu huishika simu wima. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19. Picha za wavuvi wakiivuta kwa kamba zilienea duniani kabla ya Adhuhuri, na nyingi zilikuwa za wima, zinatikisika, na ndani yake utaona watu wengine nao wamenyanyua simu. Ziwa ni moja, misiba ni miwili, kati yake miaka 26, na kila mmoja umevaa nguo ya zama zake. Binti wa chuo aliiona tofauti hiyo. Mimi mwenye mvi sikuiona.

UMRI WA SAUTI

Sauti nayo huzeeka, na pengine ushahidi wake una nguvu zaidi, kwa sababu watu hughushi picha wakaisahau sauti.

Santuri za kwanza zilinaswa bila umeme. Msomaji au mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyotikisa sindano. Sauti za chini kabisa na za juu kabisa zilipotea. Iliyobaki ni kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Mwaka 1925 vikaja vipaza sauti vya umeme, na sauti ikapata mwili. Watu wa Unguja wanakumbuka kwamba Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kunaswa katika santuri. Basi wao waliingia baada ya mlango huo kufunguliwa. Lakini santuri za siku zile zilichukua dakika tatu au zaidi kidogo kwa upande mmoja. Mambo ambayo barazani yangechukua usiku mzima yalikatwa yakaenea katika dakika tatu. Ukisikia kanda ya zamani ambayo kila kipande kinaisha ghafla kabla ya kutimia dakika nne, huko ndiko kilikotoka. Santuri ndefu, za dakika ishirini na zaidi kwa upande, zilianza 1948.

Kwa sisi wasomeshaji wa Qur'ani mfano mzuri zaidi uko Misri. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934 aliyeifungua kwa kisomo alikuwa Sheikh Muhammad Rif'at, mtu asiyeona kwa macho lakini aliyeona kwa moyo. Alifariki 1950. Mengi ya yaliyotufikia ya kisomo chake yalinaswa na wapenzi wake kutoka katika redio, ndiyo maana tunamsikia kama aliye nyuma ya pazia, na mkwaruzo unapita juu ya sauti yake kama mvua juu ya bati. Linganisheni na Sheikh Mahmud Khalil Al-Husary. Kisomo chake cha Qur'ani nzima kwa tartili, cha kwanza cha aina yake kunaswa, kilianza kutangazwa mwaka 1961. Sauti imekaa mbele, kila herufi imetoka mahali pake, na huko nyuma kuna kimya. Kilicholeta tofauti hii ni mkanda wa sumaku, ulioenea katika redio baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkanda ulimpa msomaji nafasi ya kusoma sura ndefu bila kukatizwa na ukingo wa sahani.

Kisha mwaka 1963 Philips wakaleta kaseti, na kaseti ikawa madrasa ya maskini. Sisi wa Izimbya tulimjua Husary kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti, nazo kutoka kaseti nyingine. Kila nakala iliongeza mvumo, na betri zikidhoofika sheikh akasoma kwa sauti nzito isiyo yake. Mvumo huo wa upepo ni alama. Sauti ya zama za tarakimu haina mvumo. Ikiharibika hukatika vipande vipande, au hugugumia kama mtu anayesema majini.

Redio nayo ina alama mbili. Ya kwanza ni ya hewani. Sauti iliyokuja kwa masafa mafupi hupanda na kushuka kama wimbi, inakaribia halafu inakwenda zake. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa kuhusu uvamizi wa Iddi Amin. Televisheni Bara haikuwapo. Tulisimama nje ya duka moja hapa kijijini, wanaume kwa wanawake, Waislamu na Wakristo, na ile sauti ikapanda na kushuka, na kila iliposhuka tulizuia pumzi. Siku zile zile daraja la Kyaka lilivunjwa na wavamizi. Leo nikiletewa kanda ya hotuba hiyo iliyo safi mno nafahamu kwamba imetoka katika ghala la redio, au imesafishwa. Haikutoka hewani kama tulivyoisikia sisi.

Alama ya pili ni jina. Kituo cha Dar es Salaam kilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji akitaja jina la kituo chake amekwisha kukupa umri wa kanda, kama mtu aliyetaja jina la sultani katika hotuba ya Ijumaa.

Na mambo yaliyomo ndani yafuate njia hiyo hiyo. MV Bukoba ilianza kazi 1979 na kuzama Mei 1996. Picha yoyote inayoionyesha inaelea ni ya kati ya miaka hiyo. Daraja la zamani la Kyaka likiwa limesimama ni kabla ya Novemba 1978. Noti, bendera, namba za magari, mshono wa kanzu na kanga, yote hayo ni mashahidi wasiojua kwamba wanatoa ushahidi.

HADHARI: ALAMA NAZO HUGHUSHIWA

Asije mtu akadhani kwamba akishajua haya amesalimika. Wengi wenu mnaikumbuka filamu ya Kihindi ya Mughal-e-Azam, ya mwaka 1960. Ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na sehemu chache tu ndizo zilizokuwa za rangi. Mwaka 2004 ilitiwa rangi yote kwa kompyuta, na sauti yake ikasafishwa na kupangwa upya, ikaonyeshwa tena katika majumba ya sinema. Waliofanya hivyo hawakumficha mtu; walitangaza. Lakini mtoto aliyezaliwa baadaye akiiona pasipo kuambiwa, ataikosea umri wake kwa miaka mingi.

Ikiwa hilo liliwezekana 2004 kwa kazi ya watu wengi, leo linafanywa na mtu mmoja chumbani. Ziko programu za kompyuta zinazotia mikwaruzo katika picha mpya ili ionekane kuukuu, na nyingine zinazoondoa mikwaruzo katika picha kuukuu ili ionekane mpya. Na hii akili mnemba inaweza kumtungia marehemu maneno kwa sauti yake mwenyewe, maneno ambayo hakuyasema. Fikirini juu ya jambo hilo kwa upande wetu. Kesho yaweza kuletwa sauti ya sheikh aliyekwisha kuzikwa, anatoa fatwa, au anagawa shamba la wakfu, au anawatukana jirani zetu wa dini nyingine. Na mikwaruzo ya kaseti imo, na mvumo umo.

Basi tufanyeje? Turudi kwa wazee wetu wa elimu ya Hadithi. Wao waliipima habari kwa mizani mbili: matini, yaani mwili wa habari wenyewe, na sanadi, yaani mnyororo wa waliopokezana. Yote niliyoyaeleza hapo juu, rangi na umbo na mvumo, ni upimaji wa matini. Yanafaa sana kumkamata mwongo mzembe. Lakini mwongo hodari hakamatwi ila kwa sanadi: Nani aliipiga picha hii? Alikuwapo hapo? Ni nani aliyekupa wewe, naye alipewa na nani? Nakala ya kwanza iko wapi? Picha isiyo na mwenyewe ni kama hadithi isiyo na mpokezi. Hata ikipendeza, haijengewi hukumu.

Na katika jambo hili nataka kusema nasi wenye vilemba hasa. Habari ikitoka kwa kijana wa dukani watu huicheka au huijadili. Ikitoka kwa sheikh hutandikiwa mikeka. Kijana aliyeniletea simu alikosa, lakini kosa lake lingeishia mfukoni mwake. Mimi ndimi niliyelipeleka kosa mpaka uani kwa mjane, nikalivisha istirjaa.

Tangu siku ile nimeweka desturi hapa chuoni. Kila Alhamisi, baada ya somo la Hadithi, wanafunzi huleta picha au sauti moja iliyowafikia, nasi tunaipima pamoja kama tunavyopima mpokezi. Huanza kwa kuitazama mara ya kwanza bila sauti, kisha huisikiliza mara ya pili bila kutazama, kwa kuwa jicho na sikio vikiwa pamoja huhadaana. Kisha huulizana: umbo lake ni la zama gani? Rangi yake imefifia au imevuja? Sauti imetoka katika chombo gani? Watu wamevaa nini, wameshika nini? Na mwisho, sanadi yake ni ipi? Mara nyingi wao hunishinda, na sioni haya kulisema hilo. Nawashauri wazazi wa pwani wafanye hivyo majumbani, baada ya chakula cha usiku, pamoja na watoto wao. Mtoto aliyezoea kuuliza umri wa picha hataona tabu kuuliza ukweli wa uvumi.

Yule mama jirani yangu yungali hai, Alhamdulillahi, na mwanawe ameoa. Nikipita kwake hunikaribisha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu huku, na mara nyingine hunitania kwa kuniuliza kama nina habari yoyote kutoka ziwani. Nami humjibu kwamba ninayo, ila bado naipima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohakikisha kabla ya kusema, na atusamehe tuliyoyasema kabla ya kuhakikisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.